Mchanga wako uko kwa jirani: kusoma dalili za ufuko unaoliwa kabla ya kujenga mwamba wa kubuni

Upepo wa kusini ukianza, mwezi wa sita, simu yangu haipumziki. Wananipigia kutoka Himbi, kutoka Kyeshero, mitaa ya Goma kando ya ziwa Kivu, mpaka njia ya Sake: maji yanakula parseli, viwanja vyao. Zamani waliomba ukuta. Siku hizi wanaomba "mwamba", kwa sababu mtu ameona video ya mawe yaliyopangwa chini ya bahari na ufuko mpana nyuma yake.

Mwamba wa kubuni upo na unafanya kazi. Hapa Kivu hatuna matumbawe. Ninaposema mwamba ni tuta la mawe lililolazwa ziwani sambamba na ufuko, kilele chake kikiwa chini kidogo ya uso wa maji. Wimbi likifika juu yake linajikwaa na kuvunjika, na kinachofika nchi kavu ni kidogo. Kimo cha wimbi kikipungua kwa nusu, nguvu yake inabaki robo tu. Ila nimeona mawe yakitupwa mahali ambapo wimbi halikuwa na kosa lolote, na nimeona tuta lililozidisha hasara. Kwa hiyo naanza na dalili, kama ninavyofanya nikifika kwa mtu.

Chukua kamba ya mita 30 yenye fundo kila mita, jiwe la kufunga kwenye ncha yake, vigingi vinne vya chuma, rangi, machungwa matano, na ndoo moja ya matofali mekundu yaliyopondwa mpaka yafanane na mchanga.

Ardhi inaanguka hata siku ziwa limetulia

Hii ndiyo dalili inayopotosha watu wengi, kwa hiyo iondoe kwanza. Wimbi likila, linaacha kingo iliyosimama wima kama iliyokatwa kwa panga, kwenye kimo kile kile ambacho mawimbi yanafikia, na mizizi inaning'inia. Hali inazidi kati ya mwezi wa sita na wa nane, pepo za kusini zinapokuwa na ziwa lote mbele yao la kukimbilia kabla ya kufika Goma.

Kama ufa umeanzia juu, mbali na maji, na nyasi za chini bado ziko mahali pake, huo ni mlima unaoteleza kwa mvua. Ndugu zetu wa Bukavu wanaujua vizuri: udongo wao mwekundu wa kwenye miteremko hunywa mvua hadi unashuka wenyewe, na ukifika ziwani watu husema ni mawimbi. Hapo kazi ni mifereji ya kupeleka maji ya mvua, miti, na kuacha kujenga pembeni. Tuta la mawe ziwani halitazuia kitu.

Angalia pia majembe. Pale vijana wanapojaza mchanga kwenye mitumbwi au kwenye chukudu, baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo, kila asubuhi kwenda kuuza kwenye ujenzi, hesabu yake ni rahisi, mchanga unaondoka kwa miguu. Zungumzeni nao, kwa sababu wana njaa na nyinyi mna parseli, na bila mapatano hayo kila utakachojenga kitakosa mchanga wa kushika.

Mwisho, kimo cha ziwa lenyewe. Maji ya Kivu yanatoka ziwani pale Bukavu kupitia mto Ruzizi, na bwawa la Ruzizi I limekuwa likiongoza kutoka kwake tangu mwisho wa miaka ya 1950, kwa hiyo ziwa hupanda na kushuka kwa makumi ya sentimita kati ya misimu. Maji yakipanda sawasawa kwa kila mtu, kwako na kwa wa mbali, usitafute mchawi kwenye gati la jirani. Waulize watu wa Uvira: mwaka 2021, na tena 2024, Tanganyika iliingia mpaka ndani ya nyumba. Hakuna mwamba unaoshusha ziwa.

Upande mmoja mchanga umejaa, upande wa pili imebaki mizizi

Hapa tumefika kwenye ugonjwa wenyewe, na nitakaa hapa.

Shangazi yangu ana parseli ndogo kando ya ziwa, ambapo kina mama wa avenyu nzima walikuwa wakifulia. Palikuwa na ufuko mweusi wa mchanga wa lava, upana wa hatua kumi hivi, na mti wa avoka ambao watoto walifungia kamba ya bembea. Jirani wa upande wa mashariki alijenga gati la mawe na betoni, imara kweli, lililoingia ziwani kama mkono ulionyooshwa. Alitaka boti yake itulie. Baada ya viangazi viwili, upande wake wa mashariki mchanga ulikuwa umefika nusu ya gati. Kwa shangazi, mizizi ya avoka ilikuwa nje, ikining'inia juu ya maji, na mawe ya kufulia yalikuwa yamezama.

Shangazi alidhani jirani anamwibia usiku. Ukweli ni kwamba mchanga wa ufuko haukai. Kila wimbi linalokuja kwa pembeni huunyanyua, huusogeza hatua moja kando, huuweka chini, na linalofuata huunyanyua tena. Ufuko ni kama barabara: unaonekana uko pale pale kwa sababu wanaoingia ni sawa na wanaotoka. Gati la mawe linafunga barabara. Walio nyuma ya kizuizi wanarundikana; walio mbele yake wanaendelea kuondoka, na hakuna anayekuja kuchukua nafasi yao.

Mambo haya ni yale yale duniani kote, kipimo tu ndicho kinachobadilika. Lagos ilijenga kuta za kulinda mlango wa bandari yake kati ya 1908 na 1912, na ufuko wa Bar Beach, upande wa mashariki, uliliwa kwa miongo mingi iliyofuata. Lomé ilijenga bandari yake miaka ya 1960. Magharibi mchanga ukajaa, mashariki vijiji vya kuelekea Aného vikapoteza barabara na nyumba. Nchi yetu ya Kongo ina kipande cha bahari kisichozidi sana kilomita 40, kule Banana na Muanda, na wanaojenga huko wangepaswa kuisoma Lomé kwa makini.

Hakikisha kabla ya kumshtaki mtu. Siku ya upepo, ingia majini mpaka kiunoni, tupa machungwa. Chungwa huelea likiwa limezama karibu lote, kwa hiyo linafuata maji zaidi kuliko upepo, tofauti na chupa ya plastiki. Tembea ufukweni sambamba nayo kwa dakika kumi, hesabu hatua, andika upande. Rudia asubuhi na alasiri, kwa wiki kadhaa, kwa sababu upepo wa siku moja unaweza kudanganya. Kisha mwaga matofali yaliyopondwa pale wimbi linapomalizikia. Kwenye mchanga wetu mweusi wekundu unaonekana vizuri sana. Rudi baada ya siku mbili uone umeelekea wapi na umekwama wapi. Kwa shangazi tuliumwaga upande wa mashariki wa gati. Tuliukuta wote umejikusanya kwenye kona ya ukuta, na ng'ambo ya pili hapakuwa hata na punje. Jirani alisimama pale akautazama kwa muda mrefu. Ndoo ile ya matofali ilimaliza ugomvi ambao mikutano mitatu haikuumaliza.

Sasa tiba. Hapa wengi wanataka mwamba mara moja mbele ya parseli iliyoliwa. Nawaomba wasubiri. Mwamba hauzalishi mchanga. Unapunguza tu kasi ya kuondoka kwake. Kama hakuna unaoingia, utakuwa umechelewesha msiba. Kwanza fungua barabara: toboa gati lipite maji na mchanga chini yake, au libadilishwe liwe la nguzo, au kila mwisho wa kiangazi mchanga uliorundikana uchukuliwe kwa toroli upelekwe upande wenye njaa. Gold Coast, Australia, walipojenga mwamba wa Narrowneck mwaka 1999 na 2000 kwa mifuko mikubwa ya kitambaa iliyojaa mchanga, waliweka pia ufukweni zaidi ya mita za ujazo milioni moja za mchanga. Video za simu huonyesha mwamba na kuuacha mchanga.

Baada ya mchanga kurudi, ndipo mwamba mdogo mbele ya sehemu iliyodhoofika unapokuwa na maana, ili mchanga huo usiondoke kwa kiangazi kimoja.

Maji yanachimba chini ya ukuta wenyewe

Ukuta uliojengwa sambamba na ufuko, wima, laini. Wimbi linaugonga na kurudi na karibu nguvu zake zote, likikutana na linalokuja. Chini yake mchanga unachimbwa. Pima kina kwenye mguu wa ukuta kwa kamba, tena mita tano mbele. Kama mguuni ni kirefu zaidi, ndiyo hiyo. Mwaga mawe makubwa ya mteremko mbele ya ukuta, yenye nafasi kati yake, wimbi lipotelee humo. Ni rahisi kuliko mwamba na mara nyingi linatosha.

Nyuma ya ukuta wa ziwani kumejaa, kwa majirani wote wawili kunaliwa

Huu ni ukuta uliosimama peke yake ndani ya maji, hauungani na nchi kavu. Nyuma yake maji yanatulia, mchanga unakimbilia huko kutoka pande zote mbili. Kipimo cha haraka: linganisha urefu wa ukuta na umbali wake kutoka ufukweni. Ukuta ukiwa mrefu kupita umbali huo mara moja na nusu, tegemea mchanga utaunda daraja mpaka uuguse, na hapo umeshakuwa gati lililofunga barabara. Ukiwa chini ya nusu ya umbali, mabadiliko yatakuwa madogo.

Hapa ndipo ninapoupenda mwamba kuliko pengine popote, kwa sababu mawe tayari yapo. Shusha ukuta. Ondoa mawe ya juu mpaka kilele kikae chini ya maji, na hayo uliyotoa yapanue kilele. Mawimbi yataendelea kupita yakiwa yamedhoofika, mchanga utaendelea kusafiri, na daraja halitajengeka.

Kwa kina gani? Wimbi huvunjika pale kimo chake kinapofika karibu asilimia 80 ya kina cha maji. Wimbi la sentimita 60 linavunjika kwenye maji ya sentimita 75 hivi. Ukiweka kilele mita mbili chini, wimbi hilo litapita bila habari. Bahari inawatesa wahandisi kwa sababu maji hupwa na kujaa kila siku. Ziwa letu halina hilo, ni faida kubwa. Pima tu kimo cha maji baada ya mvua za Machi hadi Mei, ziwa likiwa juu, halafu mwisho wa kiangazi. Na weka boya lenye kitambaa chekundu kila ncha. Wavuvi wa sambaza, dagaa wetu wa hapa, wanarudi alfajiri, na jiwe wasiloliona litapasua mtumbwi.

Mwamba umejengwa, ufuko bado unaliwa

Mji wa Palm Beach, Florida, uliweka mwamba wa vipande vya zege wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja mwaka 1992 na 1993. Waliupima kwa uangalifu, na vipimo vikaonyesha kuwa ufuko wa nyuma yake ulipoteza mchanga zaidi kuliko ulivyokuwa ukipoteza kabla. Mwaka 1995 wakauondoa.

Kosa lilikuwa la maji zaidi ya mawimbi. Kila wimbi linalovunjika juu ya mwamba linamwaga maji nyuma yake. Maji yale hayawezi kurudi kwa urahisi juu ya tuta, kwa hiyo yanakimbia pembeni, kati ya mwamba na ufuko, mpaka yapate mlango. Ukikaribia sana ufuko, umetengeneza mto mwembamba unaobeba mchanga wako.

Dalili zake ni wazi ukizijua. Tupa chungwa nyuma ya mwamba: likikimbia sambamba na ufuko kuelekea ncha, kwa kasi kuliko la nje, tatizo ni hili. Utaona pia shimo kwenye ncha za tuta. Tiba ni kuufupisha au kuukata vipande vyenye milango yenye kina kati yake, au kuusogeza nje. Kipimo ninachotumia: siku ya mawimbi makubwa pima upana wa eneo ambapo mawimbi yanavunjika, kutoka povu la kwanza mpaka nchi kavu. Mwamba ukae mbali zaidi ya mara moja na nusu ya upana huo. Ukiwa ndani yake, maji yatakusaliti.

Na hapa Kivu inatuwekea mtihani wake. Ziwa hili lina kina cha karibu mita 480 kwenye sehemu yake ya chini kabisa, na sehemu nyingi za mwambao zinashuka kama paa la nyumba. Chukua mtumbwi, shusha kamba kila hatua mbili. Mwamba wa urefu wa mita 20, kilele cha mita 2, mteremko wa mbili kwa moja kila upande (mita mbili za kwenda kando kwa kila mita moja ya kimo): ukiinuka mita 1.5 unataka mita za ujazo 150 za mawe. Ukiinuka mita 3 unataka 480. Umeongeza kimo mara mbili, mawe zaidi ya mara tatu. Kwa lori la mita 10 za ujazo ni safari 15 au safari 48. Kwa hiyo, kama kwenye umbali unaotakiwa kamba inazama zaidi ya mita tatu, namwambia mwenye parseli wazi kwamba pesa yake itazama. Bora mteremko wa mawe ufukweni na matete yaliyopandwa. Wengine hukasirika. Ni afadhali wakasirike mwanzoni.

Wapo wanaoniuliza kama mawe yataamsha gesi ya ziwa. Gesi nyingi iko kwenye maji ya chini kabisa, kuanzia kina cha kama mita 260. Tuta la mita mbili halifiki hata mlangoni. Hatari ya kweli kwa mafundi ni mazuku. Sehemu za magharibi ya Goma kaboni dioksidi hutoka ardhini na kulala kwenye mabonde na mashimo, hasa alfajiri kabla upepo haujavuma. Usimshushe mtu kwenye shimo la msingi asubuhi na mapema, na ukiona panya au ndege amekufa ndani, usiingie kumtoa.

Mawe yametawanyika

Goma ina mawe kuliko mchanga, na ndiyo maana kosa hili ni letu. Lava tunayojengea nyumba imejaa matundu. Nchi kavu ni nzuri, majini ni nyepesi. Jiwe gumu lenye tani 2.7 kwa mita ya ujazo linabaki na tani 1.7 likizama, lava ya matundu yenye tani 2 inabaki na tani 1 tu. Kwa wimbi la sentimita 80 kwenye mteremko wa mbili kwa moja, hesabu ya kawaida ya wahandisi inataka jiwe gumu la karibu kilo 70, lakini la matundu linapaswa kuzidi kilo 200 ili likae. Jiwe ambalo mtu mmoja analishusha peke yake kwenye chukudu ni la kujazia ndani, halifai kuwa la juu.

Jaribu hivi. Loweka jiwe usiku kucha, lipime kwa mizani ya kuning'iniza ya sokoni, kisha lipime likiwa limening'inia ndani ya maji ya pipa. La kilo 10 likisoma 6 au zaidi majini, chukua. Likisoma 5, liweke katikati ya tuta na ulifunike kwa mazito. Chini ya 5, lirudishe kwa muuzaji.

Kama mawe yamezama kwenye tope badala ya kutawanyika, yalikosa kitanda: tandika kwanza kokoto au kitambaa cha kuchujia. Na tairi kuukuu, tafadhali, hapana, hata zikifungwa kwa waya. Mwaka 1972 walizamisha tairi kama milioni mbili mbele ya Fort Lauderdale wakiita mwamba. Vifungo vikaoza, zikatembea na kuumiza matumbawe ya asili.

Kabla ya lori la kwanza, nenda kwa watu wa mazingira wa mkoa. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inataka utafiti wa athari kwa miradi inayoweza kugusa mazingira, na sakafu ya ziwa si parseli ya mtu. Nenda na majirani wa pande zote mbili, na daftari lako la machungwa.

Maji nyuma ya mwamba yananuka

Yametulia mno, chupa za plastiki na majani vimenasa. Panua mlango mmoja, upande ambako mkondo unatokea, na zoa taka kila wiki mpaka mvua ziishe.

Kwa shangazi, jirani alitoboa gati sehemu mbili. Vijana walisukuma toroli siku nne kurudisha mchanga magharibi. Mwaka wa kwanza hatukuweka jiwe hata moja; tulipigilia vigingi vinne vyenye rangi kutoka kwenye avoka kuelekea majini na kuandika kila Jumamosi maji yamefika wapi. Mwaka wa pili tuliweka tuta la mita 12, mawe tuliyoyapima moja moja kwenye pipa. Agosti hii kigingi cha tatu, ambacho kilikuwa kimezama mpaka kwenye rangi, kimesimama pakavu, hatua mbili kutoka kwenye maji. Cha nne bado kimo ziwani.